Chumvi Kwenye Maziwa

Mama yangu ananawa mikono mara mbili kabla ya kukamua. Kwanza kwa sabuni ya mche, mpaka kwenye viwiko, halafu kwa maji ya uvuguvugu kwenye kopo lake la bati. Akimaliza anapapasa ukuta wa banda mpaka anaufikia msumari, anachukua kitambaa cheupe ambacho hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kukigusa, na ndipo anamwosha ng'ombe kiwele na kukikausha, chuchu moja moja. Mimi nasimama nyuma yake na ndoo, ubaridi wa asubuhi umenipenya mpaka kwenye mifupa, nasema moyoni: huyu bibi anakwenda kukamua au anakwenda kumpasua mtu tumbo?

Haoni vizuri. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na mara mbili amekataa kupelekwa hospitali kwa sababu eti ng'ombe atabaki na nani. Kwa hiyo anakamua kwa vidole na kwa masikio, na tone la kwanza la kila chuchu analikamulia kiganjani, analigusa kwa ncha ya ulimi, kisha anatema pembeni. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uroho. Nilipokuwa mkubwa nikaona ni uchafu, na nikamwambia hivyo.

Niseme mapema kwamba nina hasira za karibu, na mdomo wangu hauna breki. Nilirudi nyumbani, hapa Old Moshi, baada ya kufanya kazi miaka ishirini na miwili kule tambarare, jikoni kwenye kantini ya kiwanda cha sukari, na huko kazi yangu kubwa ilikuwa kuwakaripia watu kuhusu usafi. Kucha ndefu, aproni yenye madoa, mtu kapiga chafya karibu na sufuria, wote nilikuwa nawashukia. Nilipostaafu nikarudi kumtunza mama nikiwa na mdomo uleule, na mtu wa kumtolea akawa mmoja tu.

Krismasi iliyopita, watu wote walipopanda nyumbani kama kawaida yetu, mdogo wangu aliweka jambo mezani. Yeye ndiye kitinda mimba, na kwa mila zetu ndiye mwenye kihamba, yaani hii migomba na kahawa na nyumba iliyomo katikati. Ana nyumba nzuri Rau, chini huko mjini, na humo ana chumba cha mama chenye vigae na choo cha ndani. Alisema mama amezeeka, ashuke akapumzike. Mama alimaliza kwanza chai yake, mpaka watu wakadhani hajasikia. Halafu akasema siku atakayoshindwa kumkamua ng'ombe wake, siku hiyo atashuka mwenyewe, hatabishana na mtu. Tukakubaliana hivyo wote. Nilifurahi, kwa sababu mama akiondoka kwenye migomba yake hamalizi mwaka, hilo nilikuwa nalijua kama ninavyolijua jina langu.

Basi ng'ombe akawa ndiye anayemshikilia mama hapa. Ng'ombe mmoja, wa kisasa, mweusi na mabaka meupe, hatoki bandani mwaka mzima, anakula majani yanayopandishwa kutoka chini na vigogo vya migomba tunavyomkatia. Kila asubuhi mama anaamka kwa ajili yake. Asingekuwepo angeamka kwa ajili ya nini?

Kazi iliyokuwa yangu ni ya chini. Mama aliiita hivyo, kutoa chini, yaani kuondoa matandiko yaliyolowa mkojo na mavi, kuyapeleka kwenye shimo la mbolea, na kumtandikia ng'ombe majani makavu ya migomba. Yeye aliifanya kila siku ya maisha yake, mpaka mgongo ulipokataa, ndipo akanikabidhi. Na kila asubuhi, akishakaa kwenye kigoda chake, kabla hajagusa chuchu, aliniuliza, "Umetoa chini?"

Nami nilijibu, "Nimetoa, mama."

Mwanzoni nilikuwa natoa kweli. Halafu masika yakaanza, majani makavu yakawa shida kupatikana, na kiuno changu nacho kikaanza kunisema. Tena jirani yetu wa upande wa juu, mwenye migomba inayomwaibisha kila mtu njia nzima, alinieleza siri yake: yeye haondoi, anaongeza juu. Ng'ombe anakanyaga, anakojolea, mbolea inaivia humohumo bandani, na baada ya mwezi mmoja unatoa kitu kimoja kizito cheusi, ndizi zenyewe zinakushukuru. Maneno hayo niliyapenda kupita kiasi, maana yalinipa uvivu kwa jina la kilimo. Nikaanza kuongeza juu. Sikufikiria kwamba ng'ombe wa jirani hakamuliwi, ni madume mawili ya kunenepesha. Na ng'ombe wetu alikuwa ndiyo kwanza amezaa, ndama jike, ana wiki mbili.

Kila asubuhi mama akauliza. Kila asubuhi nikajibu nimetoa. Mtu hawezi kuona, nilijiambia, itamdhuru nini.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, mama alionja tone la chuchu ya nyuma kushoto, akatema, akaonja tena. Akashika kiwele upande ule, akaniambia pana joto na maziwa yana chumvi. Aliomba tumwite daktari wa mifugo asubuhi ileile. Nilikuwa nimeamka vibaya, mvua imevuja jikoni usiku, kuni zimelowa. Nikamwambia chumvi iko kwenye ulimi wake, ulimi nao unazeeka. Alikamua ile chuchu akayamwaga maziwa yake chini, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya, akamalizia zile tatu, akarudi ndani akishika ukuta.

Saa sita mchana nilimpelekea ng'ombe majani nikamkuta amelala, shingo ameigeuzia ubavuni, masikio ya baridi, pua kavu. Sikuwahi kumwona hivyo. Kiwele upande wa nyuma kilikuwa kimevimba na kuwa kigumu, nilipokikamua yakatoka maji ya njano yenye vipande vidogo, si maziwa tena. Ndama alikuwa analia kwenye kibanda chake na mama yake hageuzi hata jicho.

Niliogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali. Nilimpigia simu daktari wa mifugo, kisha nikaingia ndani nikamshukia mama. Nilimwambia ni mikono yake. Nilimwambia mtu asiyeona hawezi kujua kama kucha zake ni safi, na kwamba ile tabia ya kuramba na kutema ndiyo imempa ng'ombe ugonjwa. Nilikwenda bandani nikachomoa kitambaa cheupe kwenye msumari nikakitupa kwenye ndoo ya nguo chafu, nikarudi nikamwambia asiguse tena chuchu ya ng'ombe yule. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Aliendelea kumenya.

Ingekuwa afadhali ningeishia hapo. Nilitoka nje nikampigia mdogo wangu Rau, nikamwambia hivi, na maneno hayo sitayasahau: "Njoo umchukue mama. Ameshindwa."

Akasema Jumamosi atakuja na gari.

Daktari alifika saa tisa, binti mdogo mwenye buti za njano, ameacha pikipiki barabarani kwa ajili ya tope. Alinipa shikamoo nikaitikia juujuu. Hakuanza na kiwele. Aliingia bandani hatua mbili, buti moja ikazama mpaka kwenye kifundo, akasimama akaangalia chini. Aliniuliza kama ng'ombe analala hapo. Nikasema ndiyo. Akauliza matandiko yale yametolewa lini mara ya mwisho. Nikasema siku si nyingi. Aliuchomoa mguu wake, tope likatoa sauti, akaniangalia.

Alipima joto, akasikiliza tumbo, akakamua ile robo ya kiwele, yaani upande wa chuchu iliyougua, kwenye kisahani cheusi. Kisha alinieleza, taratibu kama anamweleza mtoto, na mimi sipendi kuelezwa hivyo lakini siku ile nilisikiliza. Alisema kuna bakteria wanaoishi kwenye mavi ya ng'ombe, hawana shida wakibaki huko. Ng'ombe akishakamuliwa, tundu la chuchu linabaki wazi kwa muda, na akilala moja kwa moja kwenye uchafu, wanapanda ndani. Aliyetoka kuzaa hana nguvu ya kupambana nao. Na ubaya wao ni kwamba wanapokufa ndipo wanapomwaga sumu. Miili yao yenyewe ndiyo sumu, inaingia kwenye damu, ng'ombe anapoa masikio na kuanguka. Ndiyo maana dawa ya kuua bakteria peke yake haitoshi.

Nikauliza kama maziwa ya chuchu zile nyingine tukiyachemsha sana yatafaa. Akasema moto unaua bakteria, lakini sumu ya namna hii haiogopi moto, na dawa atakayochoma nayo itapita kwenye maziwa yote. Yamwagwe, yote, mpaka yeye mwenyewe aseme basi, na ndama atafutiwe maziwa kwa jirani. Halafu, akiwa anavuta dawa kwenye sindano, akauliza nani anamkamua. Nikasema ni mama yangu, haoni vizuri, mikono yake labda ndiyo...

"Mikono haina kosa hapa," alisema. "Kosa liko chini ya buti zangu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alichoma sindano mbili, akamtundikia ng'ombe chupa ya maji kwenye mshipa wa shingo, akaniagiza niikamue robo ile kila saa, niitoe sumu nje, na niondoe uozo wote ule kabla jua halijazama. Aliniambia pia kwamba kama ugonjwa ungekutwa asubuhi ungekuwa mwepesi zaidi. Sikumwambia kwamba asubuhi ulikutwa.

Nilichukua koleo. Nilichimba banda lile mpaka mikono ikatoka malengelenge, na chini kabisa kulikuwa na kitu kilichooza, cheusi, cha moto, kinachonuka mpaka macho yanawasha. Ndiyo siri ya jirani yangu. Kila saa niliacha koleo nikaenda kukamua, na ng'ombe, pamoja na kuumwa kwake, alinirusha teke, maana vidole vyangu havijui. Mama alikuwa amekaa kibarazani, amepakata mikono mapajani, anasikiliza. Alinisikia nikichimba. Alinisikia nikimwaga maziwa ya zile chuchu tatu kwenye shimo, ndoo nzima, na kwa mwanamke wa umri wake sauti hiyo ni msiba. Nami sikumwambia alichosema daktari, na simu ya Rau sikuipiga tena. Kila nilipoishika niliona heri nimalize kwanza kuchimba.

Ijumaa asubuhi ng'ombe aliinua kichwa. Mchana akasimama, miguu inatetemeka, akanywa maji nusu ndoo. Daktari alikuja akasema huyu atapona, ila robo ile imekufa, haitatoa maziwa tena. Nilifurahi nikataka kwenda kumwambia mama, nikafika mlangoni nikarudi, kwa sababu kumwambia habari hiyo kungekuwa lazima nimwambie na nyingine.

Jumamosi saa nne mdogo wangu alifika na pikapu. Si mtu mbaya, tena alikuwa amemletea mama shuka jipya la kitanda cha huko. Mama alikuwa ameshavaa kitenge cha kanisani na kilemba, amekaa kibarazani, pembeni yake kuna kikapu. Hakuna aliyemwambia afungashe. Mdogo wangu alipokiinua kikapu nikaona vilivyomo: vitenge viwili, Biblia, kitabu cha nyimbo ambacho hakisomi tena bali anazijua zote, na juu kabisa lile kopo la bati la kunawia mikono.

Anakwenda kunawa ili amkamue nani huko Rau? Nilipoliona lile kopo nilishindwa kujizuia, machozi yalinitoka mbele ya mdogo wangu, mimi ambaye tangu utotoni ndiye niliyekuwa nikimliza yeye.

"Mama hajashindwa," nilimwambia. "Nimeshindwa mimi."

Nikasema yote palepale, nimesimama, sijui hata nilianzia wapi. Kuongeza juu, jirani, uongo wa kila asubuhi, chumvi, maneno niliyomtolea mama, maneno ya daktari. Mdogo wangu aliweka kikapu chini. Alikwenda bandani na viatu vyake vya kung'aa, akaliona lile rundo nililolitoa, akarudi. Aliniuliza kama nilimwita apande mlima wote ule kuja kumng'oa mama kwake kwa kosa langu. Nikasema ndiyo. Hasira aliyokuwa nayo niliiona, na sikuwa na cha kujitetea. Kisha akamgeukia mama akamweleza polepole kwamba kumbe si yeye, kwamba ni uchafu wa chini, kana kwamba mama alikuwa hajasikia.

"Nilijua," mama alisema. "Nilikuwa nakanyaga. Miguu haina mtoto wa jicho."

Mdogo wangu akamuuliza kwa nini basi hakusema, siku zote zile, na hata juzi alipokuwa anasingiziwa.

Mama alinyoosha kitenge chake magotini. Alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuomba chumvi mezani. "Huyu ndiye aliyerudi. Ningemgombeza angeondoka, ningebaki na ng'ombe."

Mdogo wangu alikaa kwenye ngazi. Baadaye alikula mtori bakuli mbili, akapakia mkungu wa ndizi na gunia la ile mbolea kwa ajili ya mchicha wa mke wake, akashuka mwenyewe. Shuka jipya aliliacha.

Nilidhani yameisha. Jioni ile nilifua kitambaa cheupe, nikakichemsha, nikakianika, nikakirudisha kwenye msumari. Lakini asubuhi ya Jumapili, ule wakati ambao siku zote nasikia mlango wa mama na kukohoa kwake, sikusikia. Nilisubiri. Ng'ombe akaanza kuita. Nilikwenda nikachungulia, nikamkuta mama ameamka, amevaa, amekaa kitandani na buti zake miguuni, mikono mapajani. Nilikuwa nimemkataza kugusa ng'ombe, na katazo sikuwa nimeliondoa. Mwanamke wa miaka themanini na kitu, ndani ya nyumba yake, alikuwa anasubiri ruhusa yangu.

Nilitoka nje kimya. Kwetu, mpakani mwa kihamba, tunapanda masale, ule mmea wa majani marefu unaotumika kuonyesha ardhi ya mtu inaishia wapi. Una kazi nyingine pia. Aliyekukosea akikuletea jani la mmea huo, isale, mkononi, huwezi kumnyima msamaha, hata awe amekufanyia nini. Mambo hayo nilikuwa nimeyaacha kwa wazee. Kule kantini tukikoseana tuliitana ofisini tukaandikishana barua. Sikuwahi kumpelekea mtu isale maishani mwangu, na sikuwa na hakika hata kama linapelekwa jani moja au mawili. Nilikata moja, limelowa umande.

Nilipiga magoti mbele ya kitanda nikamwambia shikamoo mama, kisha nikaliweka jani mkononi mwake. Alilipapasa kutoka kwenye shina mpaka kwenye ncha. Alikaa nalo. Nikadhani hajui ni jani gani, nikafungua mdomo nimweleze.

"Marahaba," akasema. Kisha, "Umetoa chini?"

"Nimetoa, mama."

Aliliweka jani juu ya Biblia, akaushika mkono wangu, akainuka. Mlangoni alisimama akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, nami nikaenda kuchukua kopo na maji ya uvuguvugu.